Mlango wa Mashini Yangu

Zihindula alizilaza mbili juu ya kioo,
nyembamba kama sambaza waliokaushwa.
Hii hamsini na tano. Hii mia na kumi.
Dola, akasema, na si za noti zilizochanika.

Diski yangu ya zamani ilianza kukohoa Februari,
katikati ya harusi ya binti wa Cishugi:
bwana harusi anainua shela, anainama,
trrk, trrk,
halafu kioo cheusi, na mimi ndani yake nimeshika kichwa.
Familia ililipa nusu. Nusu ya pili
bado naiona machoni mwa mama mkwe
kila tukikutana sokoni Kadutu.

Basi nimekuja, pesa nimezifunga kwenye ncha ya kitenge,
kutafuta diski isiyozunguka,
isiyo na sindano wala sauti.

Zote mbili zinabeba sawa, terabaiti moja.
Ila ya mia na kumi inakimbia elfu saba kwa sekunde,
hii nyingine elfu tatu na mia tano.
"Elfu saba za nini?"
"Megabaiti, Mama Ntakwinja."
Elfu saba! Nilijiona nimemaliza kazi kabla ya kuianza.

"Mashini yako ya mwaka gani?"
"Kumi na nane."
Akacheka, si kwa dharau.
"Tundu lake ni mlango mwembamba.
Pitisha ng'ombe, pitisha mbuzi,
watatokea upande wa pili kwa mwendo ule ule."

Muuzaji gani husema hivyo? Nilimshuku.
Nikaishika tena ile ghali, nikaigeuza.
Ina kijidaftari chake cha kukumbuka
kila kitu kimelala wapi;
mwenzake huazima daftari la mashini.
Ina dhamana ya miaka mitano.
Nitairudisha wapi?
Boti ya kwenda Goma haipakii malalamiko.

Na uhai wake? Nikapiga hesabu
nyuma ya kadi ya mwaliko:
harusi nane kwa mwezi,
gigabaiti mia na hamsini kila moja,
bila kuhesabu misiba.
Ile ya bei ya kati itachoka baada ya miaka ishirini.
Ishirini! Magoti yangu yatakwisha kwanza
kwenye ngazi hizi za udongo.

Kinachoua huku si uzee, ni giza.
Umeme huondoka bila kuaga,
mtaa mzima husema "Eeeh!" kwa sauti moja,
na faili iliyokuwa ikiandikwa
hubaki mguu mmoja hewani.
Hapo hata ya mia na kumi ni yatima.

Nikafungua fundo.
Hamsini na tano kwa diski.
Arobaini kwa betri ya mtumba,
nzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyesinzia.
Iliyobaki, sambaza.

Usiku nikanakili kipande cha kanisani.
Zamani ningeanza kunakili, nikatia maharage motoni,
nikafua sare za Murhula, nikarudi,
mstari haujafika nusu.
Safari hii niliinuka kutafuta kiberiti,
kazi ikawa imekwisha.
Nikasimama na kiberiti mkononi
kama mgeni aliyefunguliwa kabla ya kubisha.

Umeme ukakatika. Mtaa ukasema Eeeh.
Betri ikalia kama kifaranga chini ya meza,
na bwana harusi wa watu
akaendelea kuinama.

Nimeridhika. Nasema kweli.
Ila nikipita Nyawera hupunguza mwendo
mbele ya kioo cha Zihindula,
niangalie kama ile ya elfu saba bado ipo.

Jana haikuwepo.
Nikashinda nikijiuliza ameinunua nani,
na mlango wake una upana gani.